Upanga wa Kabatini Si wa Mwarabu: Masahihisho na Historia Yake

Kwa kawaida mtu anayeandika katika kurasa hizi huja kueleza jambo alilofanikiwa. Mimi leo nimekuja kusahihisha kosa langu mwenyewe. Naomba mnivumilie, kwa kuwa kosa hilo limekaa ndani ya kabati la kioo la chumba cha historia kwa miaka mitatu, na kila aliyepita pale amelisoma.

Waliohudhuria mkutano wetu wa miaka mitatu iliyopita watakumbuka kwamba nilimkabidhi Mkuu wa Shule upanga wa kale. Nilitoa na hotuba. Nilisema kuwa ni upanga wa Mwarabu wa misafara ya watumwa, wa karne ya 19, na kwamba huenda ulipita njia ile ya Ujiji hadi Bagamoyo. Makofi yakapigwa. Kadi ikaandikwa kwa mwandiko mzuri, ikawekwa chini yake: "Upanga wa Mwarabu mfanyabiashara ya watumwa."

Baada ya hotuba kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alinijia, akaniamkia shikamoo, kisha akauliza kwa adabu, "Samahani mzee, tumejuaje kuwa ni wa Mwarabu?" Nikamjibu kwamba aliyeniuzia ndiye aliyeniambia. Kijana akasema ahsante, akaondoka. Lakini mimi niliyesomea historia Chuo Kikuu, na ambaye kazini kwangu silipitishi dokezo lisilo na kielelezo, jibu lile liliniwasha njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nilivyoupata

Niliununua Dar es Salaam, katika mnada wa vyombo vya nyumbani vya mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake wa kazi akarudi kwao. Palikuwa na majokofu, viti, mazulia na sanduku la vikorokoro. Upanga ulikuwa chini kabisa ya sanduku hilo, umeviringishwa gazeti, hauna ala, umeshika kutu. Dalali aliunyanyua akapaza sauti: "Upanga wa Mwarabu, wa enzi za watumwa!" Nikatoa shilingi 80,000, ukawa wangu. Wala simlaumu dalali. Yeye aliuza kwa neno lililokuwa karibu na ulimi wake, nami nilinunua kwa sababu neno lile lilinipendeza.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Kabla ya kuuleta shuleni nilitaka ung'ae mbele ya wageni. Nilichukua msasa na brashi ya waya, nikausugua upande mmoja jioni nzima. Nilipochoka nikauacha upande wa pili na kutu yake. Mtaona baadaye kwamba uchovu ule ndio ulioniokoa.

Kuupima na kuulinganisha

Baada ya swali la yule kijana nilimwomba Mkuu wa Shule ruhusa ya kuuchukua upanga kwa muda. Safari hii sikuanza na hadithi. Nilianza na rula na mizani. Ubapa wake, yaani chuma chote kuanzia kwenye mpini hadi ncha, una sentimita 53. Upanga mzima una sentimita 66. Pale ubapa unapokutana na mpini umetanuka kufikia sentimita 9, kisha unasinyaa kuelekea ncha. Una makali pande zote mbili. Nusu ya chini, iliyo karibu na mpini, imepindapinda kama nyoka anayekwenda. Nusu ya juu imenyooka.

Hebu sasa tuulinganishe na silaha za Kiarabu zilizojulikana katika pwani yetu. Upanga mrefu wa Omani umenyooka, ubapa wake ni mwembamba na hutikisika, ndiyo maana wacheza razha huutetemesha mkononi. Mpini wake ni mrefu na hauna kinga ya mkono. Kitara kimepinda kama mwezi mchanga, nacho kina makali upande mmoja. Jambia ni fupi na limepinda, huvaliwa kiunoni. Upanga wangu haufanani hata na mmoja kati ya hizo. Mtu yeyote aliyewahi kuziona silaha hizo tatu zikiwa zimepangwa pamoja angalijua mara moja. Mimi nilikuwa nimeziona. Sikulinganisha, basi.

Umbo la nyoka ndilo lililonionyesha njia. Panga na majambia yenye mapindo ya namna ile asili yake ni visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki. Java wanayo keris, ambayo ni jambia la kuchomea, jembamba na jepesi. Lakini kusini mwa Ufilipino, katika kisiwa cha Mindanao na katika funguvisiwa la Sulu, Waislamu wanaoitwa Wamoro waliikuza silaha hiyo mpaka ikawa upanga kamili wa kukatia na kuchomea pia. Wao huuita kalisi. Nilipozitazama picha za kalisi zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, moyo ulinidunda. Niliuona upanga wangu, si mara moja, bali mara nyingi.

Hata hivyo kufanana kwa picha si ushahidi wa kutosha. Nitaeleza ishara nilizozikagua, moja baada ya nyingine, ili mwanafunzi aone jinsi kitu kinavyoweza kuulizwa maswali kama shahidi mahakamani.

Ishara ya kwanza ni kinga. Katika kalisi za zamani, ile sehemu ya chini iliyotanuka haikufuliwa pamoja na ubapa. Ni kipande cha chuma cha peke yake, kilichochongwa kikaoana na ubapa barabara. Maungio yake huonekana kama mstari mwembamba unaokatiza upana wa upanga. Katika karne ya 20 wahunzi wengi waliacha kazi hiyo ngumu. Wakafua chuma kimoja kisha wakachora mstari tu ili ufanane na maungio. Kwa hiyo mstari huo ni kama cheti cha kuzaliwa. Niliupeleka upanga kwa fundi mmoja mzee wa kuchomelea vyuma, ambaye babu yake alikuwa mhunzi wa majembe. Alivaa miwani, akautazama kwa kioo cha kukuzia, akapitisha ukucha juu yake. "Hivi ni vyuma viwili, mwanangu," akasema. "Huu mstari haukuchorwa. Ni maungio."

Ishara ya pili iko kwenye ncha mbili za kinga hiyo. Upande mmoja umechongwa tundu lenye ulimi unaojikunja, ambalo wengi hulifananisha na mkonga na mdomo wa tembo. Upande wa pili una meno meno madogo. Nakshi hizo zilirithiwa kutoka katika keris ya Kimalei na Kijava, na kwenye upanga wangu zipo zote, ingawa kutu imezila kidogo.

Ishara ya tatu ni vikamatio. Kalisi hupigwa kwa nguvu, na msuka wake, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ungeweza kuchomoka. Kwa hiyo mhunzi wa Kimoro alitia kikamatio cha shaba, fedha au chuma, kinachoushika ubapa kwa nje na kujifunga kwenye mpini. Nyingine zina kikamatio kimoja, nyingine viwili. Upanga wetu una kimoja cha shaba nyekundu. Upande wa pili pana alama iliyofifia yenye umbo lile lile, mahali ambapo kingine kilikaa kwa miaka mingi kabla ya kupotea.

Ishara ya nne ni mpini. Kichwa chake kimechongwa mfano wa ndege aitwaye kakatua. Huyu ni wa jamaa ya kasuku, lakini kasuku wetu wa Afrika hana kishungi na kakatua anacho. Tazameni vizuri mtakapopita kabatini: mbele utauona mdomo, na nyuma utakiona kishungi, ingawa ncha yake imevunjika. Panga za wakubwa zilikuwa na vichwa vya pembe za ndovu au vya fedha, vikubwa kupita mahitaji ya vita, kwa ajili ya heshima. Wetu ni wa mti, na mahali pa kushika pamezungushiwa kamba iliyoshikana kwa jasho na uchafu wa miaka. Huu haukuwa upanga wa sultani. Ulikuwa wa mtu wa kawaida mwenye uwezo wa kumlipa mhunzi mzuri.

Ishara ya tano ndiyo inayoniuma. Upande ule niliouacha na kutu niliupaka mafuta ya cherehani, nikauacha siku kadhaa, kisha nikaufuta polepole kwa kitambaa. Chini ya kutu ikatokea mistari kama ile ya mbao iliyorandwa. Maana yake ni kwamba mhunzi alikunja na kupiga pamoja matabaka ya chuma cha namna mbalimbali, kisha akalilambisha bapa maji makali, kama ya ndimu au siki, ili mistari ionekane. Upande nilioupiga msasa haukuonyesha kitu. Mistari yaweza kurudishwa na mtu mwenye ujuzi, kwa sababu imo ndani ya chuma chenyewe. Lakini baadhi ya panga za Wamoro zilichorwa maneno kwa herufi za Kiarabu, dua au jina, na maandishi kama hayo hukaa juu juu tu. Kama upande ule ulikuwa na neno lolote, basi nimelifuta mimi, kwa mkono wangu, ili nipigiwe makofi.

Umri wake na uhalisi wake

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilitengenezwa kalisi nyingi za kuuzia askari na watalii. Hizo hujulikana. Bapa ni la bati au chuma laini kisichoshika makali, mstari wa kinga umechorwa, maua yameparuzwa juu juu, na mpini mara nyingi umepambwa lulumizi ili ung'ae dukani. Upanga wetu ni mzito karibu na mkono na mwepesi kuelekea ncha, kama inavyopasa silaha ya kazi. Makali yake yana mapengo madogo ya zamani, na upande mmoja umepungua kwa kunolewa mara nyingi. Hakuna mtu anoaye pambo la ukutani.

Kwa ishara hizo zote, na hasa kwa kinga yake ya kipande cha pekee, nauweka katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 au miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Wamoro ni watu gani?

Hapa ndipo upanga unapoacha kuwa chuma ukawa historia. Jina "Moro" wenyewe hawakujipa. Wareno na Wahispania, waliozoea kupigana na Waislamu wa Afrika ya Kaskazini, walimwita kila Mwislamu waliyemkuta ng'ambo ya bahari kwa jina hilo. Vasco da Gama alipopita pwani yetu mwaka 1498, watu wa Msumbiji na Mombasa waliandikwa hivyo hivyo katika kumbukumbu za safari yake. Kwa hiyo Mswahili wa Kilwa na Mtausug wa kisiwa cha Jolo, ambao hawakupata kuonana, walibandikwa jina moja na wageni wa aina moja. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa mwezi wa Julai, na mwezi wa Agosti akaiteketeza Mombasa. Katika msafara ule alikuwamo baharia kijana, Ferdinand Magellan. Miaka 16 baadaye, akimtumikia mfalme wa Hispania, Magellan huyo huyo aliuawa na watu wa Lapulapu katika kisiwa cha Mactan, tarehe 27 Aprili 1521. Watu wa Mactan hawakuwa Wamoro, lakini safari ile ndiyo iliyowafungulia Wahispania mlango wa visiwa vile.

Uislamu ulikuwa umekwisha fika Sulu zamani. Katika kisiwa cha Jolo lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 710 wa Hijra, yaani 1310. Usultani wa Sulu ulisimama katikati ya karne ya 15, na wa Maguindanao ukafuata katika karne ya 16. Wahispania walijenga makao Cebu mwaka 1565 na Manila mwaka 1571. Kaskazini walifaulu. Kusini walipigana zaidi ya miaka 300 bila ya kuwatawala Wamoro sawasawa. Sultani Kudarat wa Maguindanao aliwatoa jasho katika karne ya 17. Ni mpaka karne ya 19, walipopata meli za mvuke, ndipo mizani ilipoinama. Mwaka 1848 waliivunja ngome ya Balangingi, na mwaka 1876 wakaukalia mji wa Jolo.

Nisiwadanganye tena kwa kuwafanya Wamoro malaika. Mashua za Wairanun na Wabalangingi, hasa tangu mwisho wa karne ya 18, zilivamia pwani za visiwa vya kaskazini na kuteka watu, nao watekwa waliuzwa na kutumikishwa Sulu. Kwa hiyo neno "watumwa" katika kadi yangu halikuwa geni kabisa katika nchi ulikotoka upanga huu. Lakini hiyo ni historia ya bahari nyingine, na upanga huu mmoja hauwezi kushtakiwa kwa ajili yake bila ushahidi. Vivyo hivyo, kuondoa jina la Mwarabu katika kadi hakufuti biashara ya watumwa iliyofanyika katika nchi yetu. Biashara ile ina ushahidi wake wa kweli, tena mwingi. Haihitaji ushahidi wa uongo wa kuisaidia. Uongo huidhoofisha tu.

Kuuzwa bila kuulizwa

Tarehe 10 Desemba 1898, kwa Mkataba wa Paris, Hispania iliiachia Marekani visiwa vya Ufilipino kwa dola milioni 20. Wamoro, ambao Hispania haikuwahi kuwatawala barabara, waliuzwa pamoja na wengine. Msomaji wa Kitanzania halioni jambo hilo kuwa la ajabu. Miaka minane tu kabla yake, mwaka 1890, Wajerumani walimlipa Sultani wa Zanzibar maki milioni 4 kwa ajili ya pwani ya Tanganyika, na hakuna mvuvi wa Pangani wala mkulima wa Lindi aliyeulizwa.

Mwanzoni Wamarekani walikwenda taratibu. Mwaka 1899 walitia saini na Sultani Jamalul Kiram II mapatano ya kutoingilia dini na mila za watu wake. Mwaka 1904 waliyafuta mapatano hayo. Jenerali Leonard Wood, aliyewekwa kuwa gavana mwaka 1903, alileta sheria mpya na kodi ya kichwa. Watausug wengi waliokataa kodi walipanda na familia zao juu ya Bud Dajo, mlima wa volkano iliyozimika katika kisiwa cha Jolo, wakajenga makazi ndani ya kreta yake.

Sasa naomba mshike tarehe mbili. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni kule Songea. Siku sita baadaye, tarehe 5 Machi 1906, majeshi ya Marekani yalianza kuushambulia Bud Dajo kwa mizinga na bunduki za rashasha. Vita ilipokwisha, waliouawa mlimani walikuwa zaidi ya 600 kwa hesabu ndogo. Hesabu nyingine hukaribia 1,000. Wanawake na watoto walikuwamo. Wamarekani waliokufa walikuwa kama 20. Ipo picha inayowaonyesha askari wamesimama juu ya handaki lililojaa maiti. Bahari nzima ilitenganisha mlima ule na Songea, na watu wake hawakujuana, lakini kodi ya kulazimishwa na bunduki ya rashasha vilijulikana pote pawili katika majira yale yale.

Mwaka 1911 Jenerali John Pershing, gavana wa tatu wa Jimbo la Moro, alitoa amri ya kuwanyang'anya Wamoro silaha. Hata kalisi ilipigwa marufuku kubebwa bila kibali; kilichoruhusiwa ni zana za kazi zenye bapa lisilofika inchi 15. Pimeni: inchi 15 ni kama sentimita 38, na upanga wetu una 53. Vita ya mwisho iliyo kubwa ilipiganwa Bud Bagsak, mwezi wa Juni 1913. Mwaka 1915 Sultani wa Sulu akaachia mamlaka yake ya kidunia, akabaki mkuu wa dini tu.

Katika miaka hiyo maelfu ya kalisi yalitoka mikononi mwa wenyewe. Nyingine zilisalimishwa, nyingine ziliokotwa vitani, nyingine ziliuzwa na watu wenye njaa. Askari, walimu na maofisa wa Kimarekani walirudi nazo kwao, zikatundikwa ukutani, zikarithiwa, zikauzwa, zikatangatanga duniani. Mmoja uliishia chini ya sanduku la vikorokoro Dar es Salaam. Njia yake yote siwezi kuitaja, na safari hii sitaibuni.

Wamoro wenyewe wapo. Baada ya miongo ya vita na serikali ya Manila, mkataba wa amani ulitiwa saini mwaka 2014, na mwaka 2019 likazaliwa jimbo la Bangsamoro lenye madaraka yake ya ndani. Bendera ya jimbo hilo ina mwezi, nyota na kalisi. Kitu tulichokiita sisi silaha ya mfanyabiashara ya watumwa, wenzetu wamekiweka katika bendera yao.

Thamani yake

Katika kamati yetu ya maandalizi limetolewa wazo kwamba, kwa kuwa upanga ni wa kale na wa mbali, uuzwe nje ili fedha zitengeneze paa la maabara. Wazo hilo lina nia njema, nami paa hilo nalijua, maana lilinivujia mimi pia. Lakini tufanye hesabu kama watumishi wa umma wafanyavyo. Ala imepotea. Kikamatio kimoja kimepotea. Kishungi kimevunjika. Mpini ni wa mti. Upande mmoja umepigwa msasa na mtu aliyepaswa kujua zaidi. Upanga wa hali hii huko kwenye minada ya ng'ambo huleta dola mia chache, na ukitoa gharama za kuusafirisha na vibali vyake, tutabaki na bati chache za paa. Paa lataka mchango wetu, na mimi nimekwisha ahidi wangu.

Thamani yake kubwa iko pale pale ulipo. Unaweza kumfundisha mwanafunzi mambo manne. La kwanza, kitu kiulizwe chenyewe kabla ya kumwuliza anayekiuza. La pili, pima na linganisha kabla ya kusimulia. La tatu, kitu cha kale usikisugue. Kipake mafuta, kiweke pakavu, umwite anayejua. La nne, pale ushahidi unapoishia, na kalamu iishie papo hapo.

Nimeafikiana na Mkuu wa Shule kadi ibadilishwe, na maneno ya kadi mpya yatakuwa haya: "Kalisi. Upanga wa Wamoro wa kusini mwa Ufilipino. Mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20. Ala na kikamatio kimoja vimepotea. Upande mmoja umesuguliwa na aliyeutoa. Ulinunuliwa mnadani Dar es Salaam." Kadi ya zamani nimeomba isitupwe. Ikae kando yake, ili wanaokuja wajue kosa huwa na sura gani, na kwamba mara nyingi huandikwa kwa mwandiko mzuri.

Yule kijana wa Kidato cha Tatu sasa yuko Kidato cha Sita, kwani alichaguliwa kubaki hapa hapa shuleni. Nimemwomba yeye aiandike kadi mpya kwa mkono wake. Amekubali, lakini kwanza aliomba kuuona ule mstari wa kinga kwa kioo cha kukuzia.